Dalali wa Nusu Ada

Kaaha alikuwa ametoa sharti moja tu: hangeondoka kijijini Diff ili aje kuishi katika chumba cha kupanga. "Nikija Garissa," alimwambia Rukiyo siku walipoagana, "nitakuja katika nyumba yako mwenyewe. Nimezeeka mno kumwomba mtu ruhusa ya kukohoa."

Wawili hao walikuwa wake wa mume mmoja. Kwa miaka mingi hawakupendana, wala hawakujifanya kupendana. Waligombania maziwa, wakagombania watoto, wakagombania hata kivuli. Kisha mume akafa, ngamia wakateketea kwa ukame, binti pekee wa Rukiyo akaolewa Mandera, na wana wa Kaaha wakatawanyika, mmoja wao hata asijulikane aliko. Waliobaki ni wao wawili, na kila mmoja akatambua, bila ya kulisema, kwamba hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyeyakumbuka mambo anayoyakumbuka yeye.

Rukiyo alitangulia Garissa kwa sababu hospitali ilikuwa huko, na miguu ya Kaaha ilihitaji hospitali. Alipanga chumba nyuma ya duka la mkaa, akauza maziwa sokoni, na fedha alizopata kwa kumwuza ngamia wake wa mwisho akazihifadhi bila kuzigusa. Majirani walimsalimu asubuhi, wakamaliza. Jioni alipika chakula cha mtu mmoja, kazi ambayo hakuwahi kufundishwa, na kila siku chakula kilibaki. Ulipoingia mwaka 1996, aliamua kwamba wakati wa kutafuta nyumba umefika.

Kwanza alikwenda kwa mzee Jama. Huyu alianza udalali wake katika soko la mifugo, na alipogeukia nyumba aliendelea na desturi zilezile. Yeye mwenyewe alimpeleka mnunuzi, mguu kwa mguu, aliwaita majirani, na siku ya mapatano aliushika mkono wa mwuzaji na mkono wa mnunuzi, akavifunika viganja vyote kwa shuka, na tangu hapo lawama yoyote ilikuwa juu yake. Lakini ada yake ilimshtua Rukiyo, ingawa aliendelea kumwita kwa heshima adeer, yaani ami.

"Adeer Jama, mimi nataka nyumba ya vyumba viwili. Sikusema nataka msikiti."

Jama aliweka kikombe chake cha chai chini, taratibu. "Anayetaka rahisi, pale hotelini wako vijana."

Pale hotelini alikuwako Hanad, kijana mwenye miwani myeusi, ambaye alitangaza kwa sauti, mbele ya wanywaji chai wote, kwamba yeye hutoza nusu ya ada ya Jama. Alimwita Rukiyo eeddo, kana kwamba alikuwa dada ya baba yake, akamvutia kiti, akamwagizia chai. Rukiyo alilipa siku hiyohiyo.

Ilimchukua muda kutambua alichokuwa amelipia. Hanad hakuinuka kitini. Alimwelekeza tu: pita kinu cha kusaga, uliza nyumba yenye lango la buluu. Rukiyo akaenda peke yake juani, akabisha hodi katika lango la buluu, akaikuta familia nzima ikila chakula cha mchana.

"Nimekuja kuitazama nyumba inayouzwa," alisema.

"Nani anauza?" aliuliza mwenye nyumba, na mkono wake umesimama juu ya sinia.

"Hanad amesema kwamba wewe unahama."

"Ajabu! Mke wangu ameniombea nihame kwa miaka mingi, lakini sikujua kwamba dua imekubaliwa."

Mkewe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya shali yake. Walimkaribisha Rukiyo akae, wakampa chai ya maziwa ya ngamia, naye alikaa kupita kiasi cha adabu, kwa kuwa tangu aje mjini hakuwa amekaa mahali penye sauti nyingi namna ile.

Nyumba ya pili ilikuwa imekwisha kuuzwa zamani. Ya tatu haikuwa nyumba.

"Hanad, leo umenipeleka zizini."

"Mimi, eeddo? Mimi sikuondoka hapa."

"Hilo ndilo ninalolilalamikia."

Wanywaji chai walicheka. Hanad hakuona haya. "Ukimlipa Jama, unapata miguu ya Jama. Kwangu umelipia mdomo. Sikiliza basi: yuko Mborana mmoja, Guracha, anarudi kwao, kaskazini ya Wajir. Nyumba yake ni nzuri. Nenda leo, kabla hajaondoka."

Nyumba ya Guracha ilikuwa nzuri kweli. Ilikuwa na vyumba viwili, kuta za mbao na mabati, na mlango ulioupa upepo mgongo. Rukiyo aliikagua kama mtu aliyezaliwa safarini. Aligonga boriti moja moja, akazinusa pembe ili ajue kama mchwa wameingia, akauliza maji huchotwa wapi, mvua huelekea upande gani, na jirani wa kushoto ni mtu wa namna gani. Guracha, mwanamume mpole mwenye kovu kidevuni, alimjibu kila swali kwa ukweli.

"Niliijenga kwa mikono yangu mwenyewe," alisema. "Hakuna ubao humu nisioujua. Mengine yote nimemweleza dalali wako."

Hanad alipaswa kuwapo siku ya mapatano, lakini alikuwa harusini. Rukiyo na Guracha walipeana mikono wao kwa wao, pasipo shuka wala shahidi. Juma lile lile Guracha akapakia vyombo vyake, akaenda zake. Rukiyo alihamia. Alinunua vitanda viwili, akaviweka kimoja katika kila chumba. Kisha akatuma salamu Diff kwa dereva wa lori aliyeitwa Hirsi: nyumba imepatikana, mlango unafungwa kwa ufunguo, njoo. Jibu lilirudi na lori lilelile: Kaaha angekuja baada ya Idi.

Kwa siku hizo chache Rukiyo alikuwa na furaha ya ajabu, ya mtu anayefagia chumba cha mwingine. Alizungumza peke yake, akimjibu Kaaha hoja ambazo Kaaha hakuwa amezitoa bado.

Mwezi wa Ramadhani ulipokuwa ukikaribia kwisha, mwanamke mmoja aliyeitwa Bishara alifika kutoka Bura, akasimama uani, akayapima mabati kwa macho. Alikuwa mtu wa makamo, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyependa ugomvi.

"Guracha yuko wapi?"

"Amerudi kwao. Nyumba hii sasa ni yangu."

"Hongera," alisema Bishara. "Utaihamishia wapi?"

Rukiyo alidhani hakusikia vizuri. Bishara akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kama mtu aliyegundua kwamba mazungumzo yatakuwa marefu.

"Mama, nyumba ni yako, na hapana atakayeigusa. Lakini kiwanja ni changu. Marehemu mume wangu alimruhusu Guracha asimamishe nyumba yake hapa mpaka siku tutakapokihitaji. Sasa mwanangu anaoa, nami nataka kumjengea. Je, Guracha hakukwambia?"

"Alimwambia dalali."

"Na wewe hukumwuliza ardhi ni ya nani?"

Jibu lilikuwa la kweli na la aibu. Swali hilo halikumpitia kichwani. Alikulia katika nyumba ambayo mama yake aliipinda mwenyewe kwa mizizi na kuiezeka kwa mikeka. Naye alipoolewa alipewa yake, ikawa mali yake na si ya mume, hata mume akikasirika yeye ndiye aliyetoka. Kundi lilipohama, nyumba ilipanda mgongoni mwa ngamia. Waliuliza habari za majani, waliuliza habari za visima. Kuhusu mchanga uliokuwa chini ya mikeka, hapakuwa na mtu aliyeuliza ni wa nani. Mjini alikuwa amenunua nyumba jinsi mama yake angalivyoinunua.

"Nakupa muda mpaka Idi ipite," alisema Bishara, akainuka. "Zaidi ya hapo siwezi. Wakwe wananingoja."

Rukiyo alimkuta Hanad katika kiti chake kilekile, ingawa kwa saumu meza ilikuwa tupu.

"Guracha alikueleza habari ya kiwanja?"

"Alinieleza."

"Nawe ukanyamaza."

"Sikunyamaza, eeddo. Hukuuliza. Ulitaka nyumba inayouzwa. Je, haikuwa nyumba? Haikuwa ikiuzwa? Mtu akinunua ngamia, dalali humwambia kwamba mchanga anaoukanyaga ngamia hauuzwi?"

Wanaume walicheka, kisha wakaacha, kwa kuwa mwanamke yule hakusogea. Hanad alivua miwani yake, akaipangusa.

"Nikiongezewa kidogo, naweza kuzungumza na huyo Bishara."

"Mdomo wako nimekwisha kuununua mara moja," alisema Rukiyo. "Haukunifaa."

Alikwenda kwa Jama. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akashika ndevu zake.

"Nisaidie, adeer. Nenda ukaseme na Bishara, wewe anakuheshimu."

"Mkono nisioushika siwezi kuufungua, Rukiyo. Nikiingia katika mapatano yaliyofungwa na mwingine, kesho hakuna dalali atakayeyaheshimu yangu. Na wazee wataniuliza ni nani alidanganya. Guracha hakudanganya. Bishara anadai chake." Aliziachia ndevu zake. "Ningalikuwapo, swali la kwanza lingalikuwa hilo: chini ni kwa nani?"

"Kwa nini hukunionya siku ile?"

"Ulinicheka. Nami nikakasirika," alisema Jama. "Hata mzee hukasirika."

Siku ya pili ya Idi, mji ulipokuwa ukinukia udi na watoto wakipita na nguo mpya, Rukiyo alikwenda katika chumba cha taar, ile redio ya mawasiliano ambayo kwayo watu walizungumza na jamaa zao wa mbali. Hapakuwa na siri humo; waliokuwa wakingoja zamu kwenye benchi walisikia kila neno. Sauti ya Kaaha ilipanda kutoka Diff ikiwa na mikwaruzo, kama sauti ya mtu aliye chini ya kisima.

"Nimekwisha kufunga mizigo! Lori la Hirsi linaondoka Jumamosi. Nipande?"

Rukiyo aliishika ile redio kwa mikono miwili. Aliona kwamba neno moja tu lingetosha. Kaaha akishafika, akishateremshwa kutoka lorini na miguu yake ile, hataweza kurudi. Atanuna, atamtukana mwaka mzima, lakini atakuwapo. Atalala upande wa pili wa chumba cha kupanga, na sufuria itakwisha chakula. Neno lilimjia hadi ulimini.

"Usipande," alisema.

Redio ilivuma. "Umenichoka kabla sijafika?"

"La. Nyumba ninayo, Kaaha. Nimekosa mahali pa kuisimamisha."

Kijana mmoja kwenye benchi alicheka. Mwenzake akamkanyaga mguu. Kaaha hakucheka. Alikaa kimya mpaka fundi wa redio akaanza kugusa vitufe vyake, akidhani mawasiliano yamekatika.

"Rukiyo," sauti ikasema, "umekula leo?"

"Nimekula."

"Muongo. Nakujua. Nenda ukale."

Fundi aliwaambia kwamba zamu yao imekwisha.

Kesho yake Rukiyo aliazima nyundo na ngazi kwa mwuza mkaa, akaanza kuibomoa nyumba. Angaliweza kumwajiri fundi, lakini katika maisha yake hapakuwa na mwanamume aliyepata kuigusa nyumba yake. Kambini siku ya kuhama wanawake walikuja kabla ya jua, mmoja akakunja mikeka, mwingine akafungua kamba, na nyimbo zikafanya kazi kuwa nyepesi. Hapa jirani wa kushoto alichungulia, akamwomba Mungu amsahilishie, akarudi ndani. Rukiyo aling'oa misumari, akaikusanya koponi, akainyoosha iliyopinda. Mlango aliutoa bawabani akauegemeza ukutani, na ukuta nao ulipotoka, akaulaza chini.

Mabati ya paa ndiyo yaliyomshinda. Moja lilikuwa refu kuliko mikono yake. Kila alipoliinua upande huu, upande ule uliinama na kutaka kumwangusha. Alikuwa amesimama hivyo juu ya ngazi, hawezi kushuka wala kuliachia, wakati mtu alipolishika kutoka chini.

"Polepole," alisema Bishara. "Lina ncha kali."

Walilishusha. Kisha wakashusha jingine. Bishara alikuwa amekuja kupima msingi wa nyumba ya mwanawe, na kamba yake ya kupimia ilikuwa bado imezungushwa kiganjani. Walipofikia chumba cha pili, alisimama akakitazama kitanda cha pili.

"Ulikuwa ukimngoja nani?"

"Mke mwenzangu."

"Mke mwenzako!" Bishara alishindwa kujizuia, akacheka. "Yaani ukewenza haukukutosha? Mimi wangu, ningelipa nauli aende mbali zaidi."

"Ndiye pekee aliyebaki anayejua jinsi nilivyokuwa," alisema Rukiyo.

Kicheko kilikoma. Bishara aliyatazama mabati, akakitazama kiwanja, na ilionekana kwamba kuna jambo alilotaka kulisema. Lakini alikuwa na mwana aliyengojwa na wakwe, na jambo lile lingalimgharimu. Aliizungusha kamba yake tena, akafuta vumbi mikononi.

"Mkokoteni umeuita?"

"Utakuja alasiri. Narudi nyuma ya duka la mkaa."

"Vizuri. Bati lile la mwisho ulishike katikati."

Alipoondoka, Rukiyo alilishusha lile la mwisho peke yake, kwa kulishika katikati. Kisha akaketi juu ya kimoja cha vile vitanda viwili kuungoja mkokoteni. Kuta hazikuwapo, paa halikuwapo, na barabara ilikuwa karibu kuliko alivyodhani. Wapita njia walipomfikia waligeuza nyuso zao upande wa pili, kama watu waliofungua kwa bahati mbaya mlango wa chumba cha watu, wakamkuta mwanamke ameketi humo.