Jangwa la Shemeji Farhan

“Toa huo mwiba,” alisema shemeji Farhan, “kisha unipige nikiingia polepole, kama mtu aliyegundua kitu.”

Tawi la mgunga lilikuwa limeegeshwa kwenye mlango wa nyumba ya udongo, miiba yake mirefu na myeupe kama sindano za daktari asiyependa watoto. Mimi nilikuwa nimeshika kamera kwa mikono miwili, kwa hivyo, kwa masikitiko makubwa, sikuweza kusaidia. Akalivuta mwenyewe. Likamchoma kidole. Akalitukana tawi, akamtukana na mama yake tawi, akalitupa kando. Kamera ilikuwa inarekodi. Kamera yangu haina desturi ya kungoja ruhusa.

Magharibi ilipoingia, tawi lile likawa moto wetu wa kambi. Shemeji alijifunga kilemba cha kitambaa cha meza, akaketi mbele ya moto na kuwaambia watazamaji, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, kwamba hapa katikati ya jangwa tumekuta mahame. Nyumba ya watu waliokwenda zao zamani, wala hakuna ajuaye walikokwenda. Nyuma yake, mlango ulikuwa wazi na mweusi.

Ni wajibu wangu kusema, kwa heshima zote anazostahili mume wa dada yangu, kwamba halikuwa jangwa. Kwale haina jangwa. Majangwa yenyewe yako kaskazini huko mbali, na gari la shemeji lilikuwa likichemka hata kwenye mlima wa kupandia Kwale mjini. Hapo tulipokuwa ni nyuma ya Vigurungani, nchi kavu ya Waduruma, yenye vumbi jekundu, ng'ombe wenye mbavu za kuhesabika na watu kila upande.

Gari lenyewe lilikuwa limestaafu. Zamani lilikuwa likiwachukua wageni wa hoteli moja ya Diani kutoka uwanja wa ndege. Shemeji alilinunua likiwa hoi, akang'oa viti, akatia kitanda, jiko la gesi na sola ya kuchajia simu. Dada yangu Hafswa akashona mapazia. Ubavuni yakaandikwa maneno “Jangwani na Farhan” kwa rangi ya kijani, na chaneli ikazaliwa. Shemeji alikuwa amechoka kuwaongoza wageni ufuoni na kuwaonyesha nyota ya bahari ile ile kila siku. Alikuwa ameona mtandaoni wazungu wenye nyumba za magurudumu wakijipiga picha majangwani kwao, na maelfu ya watu wakiwatazama wanavyochemsha chai.

“Chai tu, Twahir!” aliniambia, machozi yakimlengalenga. “Chai! Hata sisi tunayo chai!”

Nilipotoka bwenini likizo ya Agosti, nilifanywa mpiga picha mkuu. Sifa zangu zilikuwa mbili: nilikuwa na simu nzuri, na sikuwa na mahali pengine pa kula.

Jangwa hutengenezwa. Unashusha kamera hadi mibuyu itoke kwenye picha. Unangoja ng'ombe wapite. Mtoto akipunga mkono, unamwambia arudi kwao. Jogoo akiwika, unamkata. Upepo unaovuma kwenye video zote za shemeji, ule ambao watu waliandika kwamba unawatia simanzi, ni mimi nikipuliza kwenye mdomo wa chupa ya soda.

Vipande tulivyokata sikuvitupa. Shemeji akikimbizwa na beberu, shemeji akivunjikiwa na kiti cha kukunja, shemeji akimtukana mama yake tawi: vyote nilivihifadhi. Sikufanya hivyo kwa ajili ya haki wala ukweli, Mungu ni shahidi. Nilitaka kuwaonyesha wenzangu bwenini, baada ya kiranja kulala.

Video ya mahame ilisambaa kuliko zote. Vijana wa Ukunda walianza kumwita shemeji “Jangwa” barabarani, naye akabadili mwendo, akawa anatembea kama mtu anayekanyaga mchanga wa moto. Dada Hafswa alimtania mara moja, akaona hataniwi, akaacha.

Mgeni alifika kwa shemeji Ijumaa, wanaume wakitoka msikitini. Alikuwa mwanamke mrefu, kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba, leso mbili, vumbi la kwao bado liko miguuni.

“Hodi hapa. Namtafuta mtu wa jangwa.”

Shemeji alitabasamu pale barazani. Alidhani ni shabiki. “Ndiye mimi, mama. Karibu. Unataka tupige picha?”

“Umeshapiga,” alijibu. “Mimi naitwa Jemima Mwero. Ile nyumba ni yangu.”

Dada alimletea maji. Aliyapokea kwa mikono miwili, akayaweka chini bila kuyaonja, akaeleza. Ukame ulipozidi, mwanawe Chengo aliwapeleka ng'ombe upande wa Taita kutafuta malisho. Yeye akaenda Mariakani kumwuguza binti yake aliyejifungua. Kabla ya kuondoka aliegesha mwiba mlangoni.

“Kwetu, nyumba ikihamwa huachwa wazi,” alisema. “Mtu akitoka na nia ya kurudi, huweka mwiba. Mwiba ukiwapo, hata mwizi anajua kuna mwenyewe. Nimerudi nikamkuta dalali mmoja, Harrison, anatafutia ardhi watu wa kuchimba mawe. Amewaonyesha wazee wetu picha zako kwenye simu. Mlango wazi, mwiba hakuna. Mzee Nzai ananijua tangu nilipoolewa, lakini ameniuliza, ‘Jemima, mbona ulihama bila kutuaga?’”

Shemeji alikuwa anaitazama bilauri ya maji.

“Wiki ijayo wanakaa kuamua kama kile kiwanja kina mtu,” aliendelea. “Nataka uje useme mwiba ulikuwapo. Sitaki kingine kwako.”

“Mama, mimi nilikuta wazi.”

“Wazi?”

“Wazi. Sikuona mwiba.”

“Apa.”

“Siwezi kuapa kwa mambo ya mlango, mama.”

“Basi uliuona,” alisema Jemima, akainuka. Alipofika ngazini alinigeukia mimi, niliyekuwa nimejificha nyuma ya sahani ya wali. “Na wewe ndiye unayeshika kamera?”

“Shikamoo, mama. Ndiye.”

Hakuitikia. Ni mara ya kwanza maishani mwangu shikamoo yangu kuachwa hewani na mtu mzima, na nilihisi uzito wake, maana shikamoo isiyopokelewa hairudi kwa mwenyewe. Hubaki hapo hapo kati yenu kama kiti kitupu.

Jemima alipokwisha kutoweka njiani, shemeji alinyoosha mkono. “Lete simu. Futa vile vipande vyako.”

“Vipande gani?”

“Usinichezee, Twahir. Unafikiri sijui unavyo?”

“Shemeji, ni kwenda kusema neno moja tu.”

“Neno gani? Kwamba Jangwa ni mwizi wa kuni? Kwamba amechoma mlango wa ajuza? Watanicheka mpaka Tiwi. Watanicheka mpaka Mombasa!” Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. “Wewe umezoea kuchekwa. Ndiyo kazi yako. Mimi nina jina.”

Dada Hafswa alikuwa anakunja nguo. Hakuinua uso. “Twahir,” alisema, “huyu ni mume wangu.”

Nimeligeuza neno hilo mara nyingi tangu siku ile, kama mtu anayegeuza chapati asiyejua upande ulioiva. Sijui kama alikuwa ananionya au alikuwa ananisikitikia, au alikuwa anajikumbusha mwenyewe.

Nilifuta vipande vyote mbele ya macho ya shemeji. Shule ya bweni hufundisha mambo mengi, na la kwanza ni kwamba kitu cha thamani hakifichwi mahali pamoja.

Harrison mwenyewe ndiye aliyemwalika shemeji kwenye kikao, awe shahidi. Shemeji alikubali, na akanichukua nikampige picha “akirudi jangwani”. Tulipanda hadi Kinango na kupita bila kusemezana. Mara moja tu alifungua mdomo, kuniambia nifunge dirisha.

Kikao kilikuwa ndani ya kanisa la bati, joto kama tanuri la mikate. Wazee walikaa kwenye benchi la kwaya. Harrison, mwenye viatu vya ncha na adabu nyingi, alimwamkia kila mzee kwa jina. Jemima aliketi mbele, mgongo umenyooka. Chengo, kijana mwenye mabega mapana aliyerudi na ng'ombe waliosalia, alisimama mlangoni na fimbo yake ya kuchungia. Hakuna aliyetukaribisha.

Mzee Nzai alimwita shemeji. “Wewe ndiye uliyepiga ile picha. Ulikuta nini mlangoni?”

“Hakuna kitu, mzee. Palikuwa wazi. Hapakuwa na dalili ya mtu.”

“Hapakuwa na mwiba?”

“Hapakuwa.”

Mwanamke mmoja nyuma alisonya. Harrison aliinamisha kichwa kwa huzuni, kama mtu anayelazimishwa na ukweli kupokea kiwanja.

Nilinyoosha kidole kama darasani. Mzee Nzai alinigeukia.

“Wewe nani?”

“Mimi ndiye upepo, babu,” nilisema. Watu wachache walicheka. “Na ndiye mpiga picha.”

“Kaa chini, Twahir,” alisema shemeji kwa upole ambao sijawahi kuusikia tena. “Kaa chini, ndugu yangu.”

Sikukaa. Niliiweka simu kwenye mimbari, nikaisogezea kipaza sauti cha mchungaji, nikabonyeza.

Sauti ya shemeji ikajaa kanisani: *Toa huo mwiba, kisha unipige nikiingia polepole.* Wazee waliinuka, wakaizunguka simu, vichwa vimegusana. Wakaliona tawi likivutwa. Matusi ya shemeji kwa mama yake tawi yalipotoka kwenye spika, kanisa zima liliangua kicheko, hata mzee mmoja akashika mbavu. Kisha kamera ikaingia ndani. Kitanda kimetandikwa. Vyungu vimefunikwa. Nguo ya kanisani inaning'inia kwenye msumari. Na shemeji anasema: *Loo, kuna mtu anakaa huku. Kitanda usikichukue. Chukua mlango tu.*

Kicheko kilikatika.

“Rudia,” alisema Mzee Nzai.

Nikarudia. Aliomba tena, nikarudia tena, na sasa hata kwenye matusi hakuna aliyecheka. Nilisikia bati likilia kwa jua.

“Nyumba ina mtu,” alisema Mzee Nzai hatimaye. “Harrison, hapa huna kazi. Na wewe kijana wa Diani, utakwenda kukata mwiba kwa mikono yako, uulete mlangoni kwa Jemima, sisi tukiona.”

Lakini shemeji alikuwa keshatoka. Chengo hakumpisha mlangoni. Alimwacha apite ubavu ubavu, amejikunja, kama mtu anayepita kwenye dirisha. Nilipofika nje, injini ilikuwa inanguruma. Aliteremsha kioo.

“Kwangu usije,” alisema. “Na kwa dada yako ni kwangu.” Akaondoka. Vumbi likayala yale maneno ya kijani ubavuni, herufi moja moja.

Nilimwendea Jemima nikiwa nimejiandaa kupokea shukrani kwa unyenyekevu. Niseme kweli, nilitarajia pia kuku.

“Ulikuwa unacheka,” aliniambia.

“Mama?”

“Humo ndani ya simu. Anavuta mwiba wangu, na nyuma yake kuna mtu anacheka. Ni wewe.”

Nilikuwa nimeitazama ile video mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani, na sikuwahi kukisikia hicho kicheko.

“Itoe nyumba yangu mtandaoni,” alisema.

“Siwezi, mama. Ni chaneli ya shemeji. Na hata yeye akiitoa, watu wameshaichukua, wamepeana.”

“Watu wengi?”

“Wengi sana.”

“Na wote wanajua nimehama.”

“Ndiyo, mama.”

Alijifunga leso upya, kwa nguvu, kama mtu anayefunga mzigo. Chengo alikuwa anamngoja.

“Basi waambie,” alisema, na hakuniaga.

Nilirudi kwa mama yangu Msambweni, kisha shuleni. Siku ya wageni dada Hafswa hakuja. Alimpa mtu kikapu cha mahamri aniletee, bila salamu na bila karatasi. Niliyala yote peke yangu, jambo ambalo bwenini ni kosa kubwa kuliko wizi.

Simu haziruhusiwi kwetu. Nami ni mtu wa sheria: situmii yangu, naazima ya mpishi. Kila ninapoipata naifungua video ya mahame, nashuka chini wanakoandika watazamaji, naandika: *Mwenye nyumba yupo. Anaitwa Jemima Mwero.* Shemeji hufuta, kisha hunifungia. Mimi hujisajili upya. Nimeshakuwa Kiranja Mstaafu, nimekuwa Bibi Harusi wa Lungalunga, nimekuwa Ofisa wa Idara ya Miiba. Zamani alikuwa ananijibu kwa matusi, na matusi yake nilikuwa nayasubiri kwa hamu. Siku hizi hajibu. Anafuta tu.

Leo mpishi alikuwa anachambua maharagwe, akanipa simu bila kuniuliza. Nimeandika tena. Nikakaa naye jikoni, nikawa namsaidia kutoa mawe, natazama kama neno langu bado lipo.