Joto la Usiku Tisa

Kila asubuhi, kabla hajafungua hata dirisha la ofisi, Akidor alipima homa ya mbingu. Ndivyo wenzake wa Lodwar walivyomtania. Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Kilomita themanini na saba juu yetu hewa hutoa mwanga hafifu usiku kucha, mwanga ambao jicho haliuoni. Chombo kilichowekwa Kakuma kilipokea rangi mbili za mwanga huo, kikazilinganisha, kisha kikatoa namba moja: nyuzijoto za huko juu. Mwaka mzima namba hiyo ilicheza karibu na hasi themanini na tano, na huku chini Lodwar watu wakitokwa jasho kabla ya chai.

Kisha ikapanda. Hasi sitini. Hasi hamsini na nne. Usiku tisa mfululizo. Asubuhi ya Jumatano, baada ya usiku wa tisa, Akidor alikamilisha ripoti ya kurasa nne, jina lake likitangulia majina mengine kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akaituma Nairobi. Ingesomwa Ijumaa mbele ya wakubwa wa mradi. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi huohuo, naye hakuwa mjinga. Mtu aliyegundua kitu haachwi aende zake.

Kilichoweza kumwangusha ni kimoja tu, moto. Moto ukiwaka karibu na chombo hukidanganya, maana nao hutoa mwanga wa aina ile. Lakini hilo alikuwa na hakika nalo. Chombo kilikaa uani kwa Eugénie, mkimbizi kutoka Kongo, aliyekifuta vumbi na kukifunua jioni, akakifunika alfajiri. Na kila asubuhi Akidor alimpigia simu.

"Mama Mélanie, mbingu vipi?"

"Mbingu iko safi, mwanangu."

"Haya, asante."

Sekunde kumi, basi. Akidor alijisifu kwa kutopoteza muda wa watu.

Siku hiyohiyo alipanda gari la ofisi kwenda Kakuma kuchukua daftari ambalo Eugénie alilijaza kila usiku, ili ripoti ikamilike na ushahidi wake. Alifika saa tisa. Uani kwa Eugénie palikuwa na viti vingi vya plastiki vinavyosubiri kurudishwa kanisani, na katikati yake jivu. Halikuwa jivu la jikoni. Lilikuwa na upana wa kitanda, na kutoka hapo hadi kwenye chombo zilikuwa hatua sita.

Hasira zikampanda, hata salamu akaisahau.

"Mama Mélanie, hapa paliwashwa moto?"

"Ndiyo."

"Siku ngapi?"

"Usiku tisa. Kila jirani alileta kijiti chake. Wamama wa Turkana wenye kuuza kuni nao waliacha mizigo mbili hapo mlangoni, wakaenda."

Akidor alifungua daftari. Palikuwa na safu ya mawingu, safu ya mwezi, na ya mwisho, ambayo aliipa jina yeye mwenyewe: usumbufu. Kwa usiku wote tisa Eugénie alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri, "hakuna".

"Mbona hukuuandika?"

Eugénie alimtazama bila hasira. "Moto ya matanga, niandike ni usumbufu? Watu walikuja kukaa na mimi. Nikiandika vile, nimewatukana."

"Matanga ya nani?"

"Ya Mélanie. Leo asubuhi tumeyaondoa."

Akidor aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. Mélanie alikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini na mitatu. Ndiye aliyeshona kifuniko cha turubai cha chombo, kilekile ambacho mama yake sasa alikuwa amekiwekea mkono. Malaria ilimmaliza kwa siku tatu. Na asubuhi tisa Akidor alikuwa amemwita mama huyu kwa jina la mtoto aliyemzika, akamuuliza habari za mbingu, akaridhika. Aliona aibu, aibu asiyojua aiweke wapi.

"Pole, Mama," alisema. "Nilipaswa kukuuliza habari zako."

"Uliuliza ya mbingu," Eugénie alijibu. "Nayo ilikuwa safi kweli."

Usiku huo, akiwa Lodwar, Akidor aliiondoa ripoti na kuzifuta namba zote tisa. Kompyuta ilitaka sababu, ikampa za kuchagua: mvua, mwezi, umeme kukatika. Hakuchagua hata moja. Aliandika kwamba palikuwa na msiba na watu walikuja kukaa na mama wa marehemu. Nairobi hawakujibu, wala la mkataba hawakuligusia.

Asubuhi ya Alhamisi alifungua namba ya usiku uliopita. Hasi themanini na sita. Safari hii Akidor alijua maana yake. Viti vilikuwa vimerudi kanisani, moto haukuwashwa tena, na Eugénie alikuwa amelala peke yake.