Ndugu Meneja Alipokataza Utani

"Mama Eustadia, hawa wapishi wenu watachinjana lini? Niambie mapema, nifunge duka nije kutazama."

Ndivyo alivyoniuliza siku moja jirani yetu Nurbanu, mwenye duka la nguo mkabala na hoteli. Nilicheka, maana alikuwa mgeni bado.

Hoteli ilikuwa ya kijiji chetu cha ujamaa, pale stesheni, upande wa Igalula. Treni ikisimama, abiria walishuka kula. Wapishi walikuwa wawili, Kasimiri Mnyamwezi na Twalibu Mzaramo, na mimi niliosha vyombo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipeleka mizigo pwani. Hata msibani mmoja humcheka maiti wa mwenzake, hudai hata sanda yake, na hakuna wa kununa.

"Kasimiri, wali gani huu? Mizigo ya babu zako imekushukia kwenye akili."

"Kula taratibu wewe. Kwenu mlikuwa mnalamba maji ya bahari mkaita mchuzi."

Baada ya hapo wali ulirudi motoni, ukaiva, nao wakala sahani moja.

Ndipo tukaletewa meneja mpya, Ndugu Tobias, ametoka semina mjini Tabora. Siku ya kwanza tu akamsikia Twalibu akimwahidi Kasimiri kwamba akifa atauza jeneza lake na kumzika na gunia la mkaa. Tobias alishika meza asianguke.

"Kuanzia leo hakuna matusi kazini," akasema. "Ukiona kazi ya mwenzako, isifu. Nataka amani."

Tukatii. Kasimiri akazidisha chumvi kwenye maharage. Twalibu akaonja, machozi yakamtoka, akameza.

"Ndugu Kasimiri, maharage yako yana juhudi."

"Asante, ndugu. Na chapati zako zina msimamo."

Nilimwona abiria mmoja akikazia moja ya chapati hizo kwenye dirisha la behewa ili lisishuke.

Chini ya sifa hizo mambo yalioza. Kasimiri alinifuata kwenye karai langu la vyombo. "Huyu Mzaramo ananichukia, Mama Eustadia. Angekuwa ananipenda angenitukana." Twalibu naye akawa anakula peke yake, ameelekea ukuta. Nikasema moyoni, sasa ndio wamegombana.

Abiria wakaanza kurudisha sahani. Mkuu wa stesheni, Mzee Omari, akatuambia, "Jumamosi nakuja kula mwenyewe. Nisipomaliza sahani, banda hili la reli nitawapa kijiji kingine." Mimi ni mjane, na karai lile ndilo lililonilisha. Nilishika rozari yangu nikangoja Jumamosi.

Siku ikafika. Mzee Omari akatia kijiko mdomoni, akatafuna kwa sauti kama anakula changarawe.

"Wapishi wetu wanapatana sana, mzee," Tobias akasema akitabasamu.

"Wali ni mkakamavu," Twalibu akaongeza, bila kumtazama mtu.

Mzee Omari akaweka kijiko chini. Hapo uvumilivu ukaniishia.

"Twalibu," nikasema, "mtani wako analisha watu mawe na wewe umenyamaza. Siku akifa utathubutu kwenda kudai sanda yake?"

Twalibu akafungua mdomo. Tobias akainua mkono amzuie, akachelewa.

"Kasimiri," akasema Twalibu polepole, "wali huu hata fisi wa kwenu angeomba maji."

Uso wa Kasimiri ukachanua. "Nilidhani umekufa wewe. Chapati zako naziweka, nitajengea choo."

Wakakimbilia jikoni wakitukanana, mmoja anakanda unga upya, mwenzake anaosha mchele mwingine. Mzee Omari, ambaye ni Mgogo, kwa hiyo naye mtani wa Wanyamwezi, akawafuata na kiti chake. Akamuuliza Kasimiri kama kwao mchele hupikwa au hutishiwa tu. Kisha akangoja, akala, akafuta sahani kwa kipande cha chapati laini.

"Banda ni lenu," akasema.

Nikamshukuru Mungu kimyakimya. Tobias akakohoa.

"Nami nimejifunza. Kama nina kosa, niambieni wazi."

Tukatazamana. Twalibu akanawa mikono kwanza.

"Meneja, suruali yako imepasuka nyuma tangu asubuhi. Tulitafuta namna ya kuisifu, tukakosa."

Tobias akapeleka mkono nyuma taratibu, akahakikisha. Akachukua sinia mezani, akajikinga nalo nyuma, akatoka.