Inggih ya Budhe Tumirah

Togar alipomaliza kueleza jinsi mizigo itakavyopokelewa kwa mfumo mpya wa kompyuta, aliugeukia umati wa wafanyakazi wa kiwanda cha jamu, dawa ya mizizi ya Kijava, akauliza, "Mmeelewa?"

"Inggih," wakajibu wote kwa sauti laini, vichwa vimeinama kidogo.

Wening, aliyekaa kando yake kama msaidizi, akatazama chini. Alizaliwa Nguter, huku Java, na kukulia Nguter, na alijua vizuri kwamba hiyo inggih haikuwa ndiyo. Wajava wana inggih ya kukubali, inggih ya nimekusikia, inggih ya sitaki kukuaibisha, na ile ya tafadhali maliza twende tukale. Mgeni huzikusanya zote kapu moja akaziita ndiyo, kisha hushangaa kapu linapovuja. Na Togar alikuwa mgeni kabisa. Ni Mbatak wa mji wa Medan, ng'ambo ya bahari, aliyetumwa na kampuni iliyouza mfumo, na kwao mtu asipoelewa jambo mtaa mzima hupata habari.

Wakati wa chai alimvuta Wening pembeni.

"Dada, watu wako watanitia kichaa. Asubuhi nimewaambia makusudi kwamba kompyuta hunyweshwa maji kabla ya kuwashwa. Unajua walisemaje?"

"Inggih," Wening akasema, akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Cheka tu. Mimi naondoka, utabaki nao wewe. Wewe ndiye mwalimu wao sasa. Basi nisikilize. Usiwaulize kama wameelewa. Sema, nionyeshe. Mmoja mmoja, kwa mkono wake, mbele ya macho yako. Kubonyeza si kazi, hata kuku akipita juu ya meza atabonyeza. Kazi ni mtu kuweza kusema, hapa sijui. Hilo ndilo nimeshindwa kuwafundisha."

"Nimekuelewa, Bang Togar," akasema Wening, akimwita kaka.

"Hiyo nayo ni inggih?"

Wakacheka tena. Mtu huyacheka maneno leo, kesho yakamliza.

Kwa watu wa jikoni na wa kufungasha Wening alifuata shauri hilo, na mambo yakaenda. Aliyekosea alirudia, wenzake wakamtania, akapata. Likabaki ghala la mizizi, na huko ndiko alikokuwa Budhe Tumirah.

Budhe Tumirah alikuwa dada mkubwa wa marehemu mama yake. Yeye ndiye aliyemlea tangu akiwa mtoto wa kubebwa, na alipomaliza shule ndiye aliyemshika mkono mpaka kwa mwenye kiwanda akamwombea kazi. Mume hakuwa naye, mtoto wa kumzaa hakujaliwa. Alikuwa na Wening, na alikuwa na ghala. Kila asubuhi alifungua ule mlango, akasimama kidogo akivuta harufu ya manjano na tangawizi, ndipo siku yake ikaanza. Hata akiugua homa alienda, na ukimkataza alikasirika.

Mwenye kiwanda, Pak Handoyo, alikuwa amekwisha kutangaza: kila mtu atabaki mahali pake, mradi auweze mfumo. Asiyeuweza atapumzishwa kwa heshima. Wening alijua kwamba Budhe akipumzishwa hatapumzika, atanyauka. Hakutaka jambo jingine lolote katika habari hii ya kompyuta ila mama mkubwa wake aendelee kufungua ule mlango mpaka atakapochoka mwenyewe.

Siku ya somo la ghala alivaa blauzi mpya ya batiki. Wachukuzi walijipanga ukutani kutazama, maana kwao ilikuwa sinema. Budhe alikaa mbele ya kompyuta, miwani puani, mikono mapajani.

"Budhe, hapa utaandika jina la mzizi. Hapa, kiasi kilichoingia. Tena kwa kilo, si kwa magunia. Zamani tulihesabu magunia, sasa mfumo unataka kilo. Halafu unabonyeza hapa penye kijani. Umeelewa, Budhe?"

"Inggih," akasema Budhe Tumirah.

Wachukuzi wakaangua kicheko. "Hee, leo Budhe anasema na mheshimiwa!" mmoja akatania. "Wening, umepanda cheo, bibi!"

Walicheka kwa sababu mkubwa hamjibu mtoto wake inggih. Inggih hupelekwa juu, kwa bosi, kwa mkwe, kwa mtu usiyemzoea. Mtoto wako wa kumlea humjibu iyo, neno la nyumbani, la jikoni, lisilo na viatu. Tangu Wening apate fahamu, Budhe hakuwahi kumjibu kwa neno jingine. Naye Wening, masikini, akadhani anaheshimiwa. Akaona haya na fahari kwa pamoja, na mashavu yakamwaka.

Hapo ndipo alipopaswa kusema, nionyeshe. Neno lilifika kooni. Lakini utamtahinije mwanamke aliyekufundisha kushika kijiko, mbele ya wachukuzi wenye midomo kama ile? Akikosea je? Wening akalimeza. Akasema, "Vizuri, Budhe," akafunga somo.

Jioni walikula wali na tempe ya soya, wawili tu, kama siku zote. Budhe alichezea wali wake kwa vidole. Mara akafungua mdomo, "Nduk..." Ndivyo alivyomwita, mwanangu.

"Naam, Budhe?"

"Ongeza wali. Umekonda."

Wening akaongeza wali.

Kesho yake Pak Handoyo alimkuta uani. "Ghala vipi? Wako tayari? Niseme ukweli, namwogopea Bu Tumirah."

Angeweza kusema, bado, Pak, nipe siku chache nikae naye. Kuuliza si ujinga, na kuomba muda si dhambi. Lakini bosi ameuliza akiwa na tabasamu, na tabasamu la mkubwa halirudishwi mikono mitupu.

"Inggih, Pak," akasema Wening.

Mfumo ukawashwa. Kukapigwa picha, watu wakala wali wa manjano, kukaombwa dua. Na Budhe Tumirah, kule ghalani, akaanza kuandika alivyozoea: yakiingia magunia kumi, aliandika kumi. Mfumo ukasoma kilo kumi. Ukaona kiwanda kizima kina manjano ya kujaza ndoo tu, na kwa kuwa haukuumbwa kuona haya, wenyewe ukaagiza mengine kwa wakulima. Malori yakaja. Budhe aliyashangaa, lakini akajisemea kwamba wakubwa wana sababu zao, na yeye ni nani wa kuuliza? Akapokea, akaandika magunia, akabonyeza penye kijani. Malori yakaja tena.

Ilikuwa masika ya kweli, mvua isiyojua adabu. Ghala likajaa, magunia yakalazwa barazani chini ya maturubai, na maji yakayafikia. Manjano yakaota ukungu. Tangawizi ikavunda. Harufu ilipofika ofisini ndipo watu waliposhtuka.

Togar aliitwa arudi. Aliangalia kompyuta ya ghala muda wa kunywa kikombe kimoja, akavua miwani. "Magunia," akasema taratibu. "Mama wa watu ameandika magunia." Alimtazama Wening, na hakupiga meza.

Wakaitwa kikaoni. Budhe alikaa karibu na mlango, amevaa kebaya, blauzi yake ya sikukuu, kana kwamba amealikwa harusini.

"Alifundishwa?" akauliza Pak Handoyo.

"Alifundishwa, Pak," akasema Wening.

"Uliambiwa kilo?"

Swali lilikuwa la Budhe. Akajibu, "Inggih."

"Ukaulizwa kama umeelewa?"

"Inggih."

"Ukasemaje?"

Budhe akanyoosha upindo wa kebaya yake. Wachukuzi wawili waliokuwa mlangoni wakatazama miguu yao. Wening alikuwa na sentensi nzima kinywani: hakuwa tayari, Pak, mimi nilijua, mimi ndiye niliyekudanganya. Ilikuwa fupi, na ilikuwa kweli, na ingetosha. Alimtazama Pak Handoyo, akatazama meza, na sentensi ikakaa pale pale ilipokuwa. Mficha uchi hazai, lakini siku ile Wening aliona heri utasa.

"Bu Tumirah," akasema Pak Handoyo, na hakuwa mtu mbaya, "nadhani wakati wa kupumzika umefika."

"Inggih, Pak." Budhe akasimama, akainama, akaweka funguo za ghala juu ya meza.

Walirudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja, Wening akiuelekeza upande wa Budhe. Jikoni Budhe akawasha moto, akabandika birika. Wening akasimama mlangoni, nguo zinamchuruzika.

"Budhe, mbona siku ile hukuniuliza?"

"Mbele ya wale wachukuzi?" Budhe alisema bila kugeuka. "Ningeuliza wangesema Wening hajui kufundisha. Ulikuwa umependeza na ile blauzi. Nikasema, acha mwanangu apite kwanza, nitamuuliza nyumbani."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani nilianza. Nikaona haya. Nikadhani ukiwa umeona sijui, utanikalisha mwenyewe unionyeshe." Akapuliza moto. "Uliona, sivyo?"

"Niliona."

"Na leo, kule ofisini. Ulikuwa na neno."

"Nilikuwa nalo, Budhe." Wening akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, machozi yakamtoka, akakishika kile kitambaa cha kebaya kama alivyokishika utotoni. "Nisamehe. Nisamehe, Budhe. Utanisamehe?"

Budhe Tumirah akageuka. Akamwangalia kwa upole, kwa macho makavu. Akamimina chai, akatia sukari, akaishika glasi kwa mikono miwili kama apewavyo mgeni, akamnyooshea.

"Inggih," akasema.

Wening akaipokea glasi. Akabaki pale chini akingoja lile neno jingine, fupi, la jikoni. Mvua ikakatika, chai ikapoa mikononi mwake, na Budhe akawa amekwisha kwenda kulala.