Pumzi za Shangazi Hewani

Ilianza kwa amri ya meneja, kijana mwenye tai nyembamba aliyeamini kwamba redio nzuri ni ile inayopiga kelele kuliko jirani yake. "Mtu akitafuta stesheni, akifika kwetu ashtuke," alisema. "Nataka tuwafunike wote." Fundi mitambo akaitikia sawa bosi, akaingia kwenye chumba chake na furaha ambayo hakumwonyesha mtu.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Kati ya studio na mnara kuna mtambo. Sauti ikipanda kupita kikomo, unaikandamiza, ikishuka, unainyanyua. Ukiukaza kidogo, msikilizaji hajui hata kama upo. Ukiukaza sana, kila kitu kinakuwa juu: neno juu, mlio wa kiti juu, na mtangazaji akinyamaza, mtambo unaudaka ule ukimya na kuuvuta juu na kila kilichomo.

Ukimya wa shangazi yake fundi ulikuwa na mambo. Ndiye aliyetangaza kipindi cha asubuhi tangu fundi yuko shule, shule ambayo ada yake alilipa yeye, na kazi hii pia alimtafutia yeye. Lakini kifua chake kilikuwa kibovu. Kila akimaliza sentensi alivuta pumzi kwa mluzi, kama birika linalotaka kuchemka. Wasikilizaji hawakuwahi kujua, kwa sababu kila asubuhi fundi alimlegezea mtambo, pumzi zikabaki chini. Ilikuwa siri yao wawili. Shangazi hana mume, hana mtoto. Kipindi kile ndicho kilichomtoa kitandani.

Sasa fundi alikuwa na mke, mke alikuwa anasoma salamu za Jumapili mchana, na alishachoka na Jumapili. "Huyo shangazi yako anastaafu lini?" alimuuliza kila wakikaa mezani. "Au tunasubiri azikwe na maikrofoni?"

Meneja hakusema neno kuhusu kipindi cha asubuhi. Angeulizwa, angekubali bibi wa watu alegezewe kama kawaida. Fundi hakuuliza. Alikaza mpaka taa nyekundu ya kikomo ikaacha kupepesa, ikawaka moja kwa moja, akaiacha hivyohivyo na kwenda kunywa chai.

Asubuhi ya kwanza simu hazikukoma kuingia. Nani anakoroma humo studio? Mmefuga paka? Wiki haijaisha, vijana wa vijiweni wakawa wanamwigiza: "Habari za asubuhi, wapendwa," halafu mluzi, halafu wanashika kifua na kuanguka. Meneja alicheka nao siku mbili tatu, kisha akaanza kuuliza kama bibi bado anafaa.

Shangazi hakuelewa kinachochekwa. Hedifoni zake zilichukua sauti palepale kwenye meza ya studio, kabla haijafika kwenye mtambo, kwa hiyo masikioni mwake mambo yalikuwa yaleyale. Akamfuata fundi, akafunga mlango.

"Mwanangu, kuna kitu umegusa?"

"Kitu gani, shangazi?"

"Huo mtambo. Watu wanasema nakoroma."

Hapo ndipo angeweza kuwa mtu. Kulegeza kulihitaji kidole kimoja. Badala yake alivuta kiti, akamkalisha, akamshika bega kwa upole wa kinafiki ambao ungekutia kichefuchefu.

"Mtambo uko vilevile. Ni kifua chako, shangazi. Kimezidi. Nilikuwa naona aibu kukuambia."

Akamchezea rekodi ya kilichokwenda hewani. Alikuwa amechagua kipande kibaya kuliko vyote. Shangazi alisikiliza akiwa amejifunika mdomo kwa kiganja, na mwisho akaomba, kwa sauti ndogo, azime.

Asubuhi zilizofuata alijitahidi. Alizuia pumzi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akasoma habari mbio, akageuza uso pembeni ili avute hewa mbali na maikrofoni. Mtambo ulimfuata hukohuko. Fundi alimtazama kupitia kioo kwa macho makavu. Kabla mwezi haujaandama, shangazi alimwambia meneja kwamba anaondoka mwenyewe, asije akafukuzwa.

Siku ya kuaga, mke wa fundi alikuja mapema na gauni jipya, akasimama nyuma ya mumewe. Upande wa pili wa kioo shangazi aliwashukuru wasikilizaji, akaomba radhi kwa usumbufu wa kifua chake. "Na mwanangu aliye kwenye mitambo," alisema, "yeye peke yake hakunificha ukweli." Kisha akavuta pumzi, na mji mzima ukaisikia.

Alipotoka alimkumbatia fundi, akamkumbatia na mkewe, akamtakia heri.

"Nimesikika vizuri?"

"Vizuri sana, shangazi."

"Afadhali. Maana jana nilikwenda hospitali, nikasema nijue moja. Daktari kanipima, kaniambia kifua kina nafuu kuliko mwaka jana, nisiache kazi." Akacheka, kicheko kikamkata pumzi, akamshika fundi mkono ili asimame sawasawa. "Nikamwambia, daktari, samahani, wewe umenisikiliza dakika tano. Mimi nina mtoto wangu ananisikiliza kila siku, nitamwamini yeye."

Fundi akasema, "Pole, shangazi," akampokea mkoba, akamsindikiza mpaka getini.