Kadi Nyekundu ya Emmy

Emmy alirudi nyumbani Kibomet kwa mapumziko ya nusu muhula, akala mrenda.

Usiyemjua utauliza, sasa hiyo ni habari? Emmy ni binti yangu, ana miaka tisa, hasemi. Mrenda ukimgusa ulimi anatapika. Ule utelezi wa mboga hiyo hauwezi kabisa. Siku hiyo mrenda ulikuwa wangu na jirani yangu Chepkirui, Emmy nilikuwa namkaangia yai. Chepkirui hakujua, akamsogezea sahani. Nilipogeuka kutoka jikoni, mtoto alikuwa anakula. Machozi yanashuka, tumbo linaruka, mkono wa kushoto umebanwa kwenye goti, na anameza.

"Woi, Mama Emmy, huyu mtoto ametulia!" Chepkirui akasema. "Hata kuuma watu ameacha. Hiyo shule ya Bungoma si mchezo."

Niliivuta kamba ya shingoni mwake, ile yenye kadi zake za picha. Chai. Choo. Maji. Bembea. Nyumbani. Nikazipitia tena. Nyekundu haikuwepo.

Kadi nyekundu maana yake ni SITAKI. Akikupa, unaacha unachofanya. Basi.

Na sikuibuni peke yangu. Nilikutana na Nasike mwaka wa 2014, Emmy hajazaliwa bado, kwenye foleni ya kliniki hapa Kitale, yeye na mwanawe Ian, ambaye pia alikuwa hasemi. Mwaka uliofuata shangazi wa mtoto alimlisha Ian uji wa moto. Alipogeuza uso akashikwa kidevu, akalishwa hadi kikombe kikaisha. Nasike alirudi kutoka sokoni akamkuta midomo imejaa malengelenge. Kesho yake alikuja kwangu na boksi la viatu na makasi. Hatukuwa tumesomea kitu. Mimi niliachia darasa la saba. Mambo ya watoto hawa niliyasoma kwa simu, kamusi pembeni. Tulikata kadi ya kwanza sakafuni kwangu, Nasike akaipaka rangi ya kucha. Akasema, "Hii hata akipewa gavana, anaacha." Mtaani wakatucheka, wakamwita mama refa.

Ian alikufa 2019, kifafa. Emmy wangu alikuwa bado mdogo, nami nilikuwa nimeanza kuona kwamba hata yeye maneno hayaji. Nasike ndiye aliyemfundisha kutoa kadi, kwa mkono wake mwenyewe. Tukakaa pamoja kwenye ngazi za ofisi ya elimu siku nne, mvua na jua, hadi yuniti ya watoto wasiosema ikafunguliwa kwenye shule ya Bungoma. Afisa aliyetuambia madawati yatapotea bure kwa watoto kama hawa alikuwa na tai ya buluu yenye doa la mchuzi. Sijasahau. Nasike akapewa kuisimamia. Nikampeleka Emmy akalale huko huko, kwa sababu ni Nasike.

Jumanne nilimrudisha. Emmy akaenda darasani moja kwa moja, mimi nikaingia ofisini.

"Kadi nyekundu iko wapi, Mama Ian?"

"Hata salamu? Keti kwanza, chai iko."

"Iko wapi?"

Akashusha pumzi. "Alikuwa anaitumia sana. Kuoga, sitaki. Kuimba, sitaki. Niko na watoto kumi na wanne na msaidizi mmoja, Mama Emmy. Kesho wageni wanatoka Nairobi kuona kama tutaongezewa darasa. Unataka wapate nini? Watoto wanarusha makadi?"

"Wapate mtoto anakataa. Si hiyo ndiyo tulikuwa tunataka?"

"Wewe bado umekaa kwa zile ngazi, bana. Mimi niko darasani."

Hilo liliniuma, kwa sababu nusu yake ni kweli. Lakini nusu nyingine nilikuwa nimeiona nyumbani, ikimeza mrenda.

"Na wengine? Zao ziko wapi?"

Macho yake yakaenda kwenye droo. Niliivuta mwenyewe. Ndani mlikuwa na kopo la biskuti, na ndani ya kopo kadi nyekundu, kumi na nne za watoto wake, na moja kuukuu, kona imetafunwa, rangi ya kucha imebanduka. Nilifunga macho kidogo. Hata ya Ian aliitupa humo!

Nilichukua kopo nikaenda darasani. Watoto walikuwa mezani wakitunga shanga. Kumwona tu Nasike nyuma yangu, wote wakaacha, mikono magotini. Hakuna aliyewaambia.

Nikarudisha kadi kwenye kamba ya Emmy. Nikamshika mkono. "Twende nyumbani, mama. Tumemaliza hapa."

Akaitazama kadi. Akaigeuza. Akamtazama Nasike, mikono ikarudi magotini, nikadhani wamemmaliza mwanangu. Halafu akatazama uzi wake, shanga za manjano tupu, umefika nusu. Akaichomoa kadi polepole, akaibandika kwenye kiganja changu.

"Haya, kiongozi," Nasike akasema. "Umepewa."

Ningetamani mtu mwingine yeyote duniani awe shahidi wangu. Nilimwachilia mkono. Emmy akaokota shanga ya manjano.

Nilimrudishia kadi yake, kisha nikazunguka meza nikiwavisha wenzake kadi zao, mmoja mmoja, majina yao yako nyuma ya kadi kwa mwandiko wangu mimi, wa siku tulipozikata.

"Na wageni?" Nasike akauliza. Sauti ilikuwa imepungua.

"Niwekee kiti. Kesho niko hapa."

Kopo nikalirudisha juu ya meza yake, wazi. Ya Ian niliiacha humo, peke yake.