Kompyuta Inayoamka Safi

Situmbeko alikuwa na ugonjwa mmoja, na wateja wake wote pale soko la Matero, Lusaka, waliujua: hakuweza kuona kompyuta nzito akanyamaza. Mtu akimletea yake inayokoroma kwa mzigo wa programu, ataipima kwa mkono mmoja, atacheka puani, kisha aanze mahubiri. "Hili ni tofali, ndugu yangu. Tofali lenye chaja." Halafu atatoa kale kakompyuta kake kembamba, hakafiki hata kilo moja, kalikotupwa na mwenyewe wa kwanza kwa sababu diski ya ndani ilikufa. Yeye alikafufua kwa mfumo mdogo wa bure unaokaa kwenye flashi ya ukubwa wa kucha. Ukikawasha, mfumo wote unapanda kwenye kumbukumbu ya muda na kufanyia kazi humo humo.

"Hakashiki virusi, hakashiki uchafu," alikuwa akijigamba. "Ukikazima, kamesahau ujinga wote uliofanya jana. Kanaamka safi kama mtoto wa siku moja."

Maneno hayo aliyasema mara ngapi? Mungu ndiye ajuaye. Wala hayakumuuma ulimi hata siku moja.

Mama yake, Bo Mwangala, alikuwa na saratani ya koo. Madaktari walisema kisanduku cha sauti lazima kitolewe, wakampa tarehe: siku kumi na mbili. Siku kumi na mbili za kusema, kisha kimya mpaka kaburini. Na mama huyo hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa amezika mume na watoto watano, na habari zote za ukoo, tangu Senanga mpaka wahamie Lusaka, zilikuwa kichwani mwake peke yake.

Situmbeko akampelekea dada yake Namakau, aliyekuwa akiishi na mama, kale kakompyuta. Alikajaza vitabu ili Namakau amsomee mama, wapitishe siku za kungoja. Siku ya pili tu mama akamkatiza.

"Humo ndani mna vitabu vingapi?"

"Mia nne na kitu, mama."

"Na mbona unakanyanyua kama sahani tupu?"

"Vitabu vya humu havina uzito."

"Basi na mimi nitie humo," akasema Bo Mwangala kwa sauti yake iliyokwisha kukwaruza. "Sitawaongezea mzigo."

Wakaanza siku hiyo hiyo. Kila alasiri mama alikaa kwenye mkeka, akaweka chitenge chake sawa magotini, akapiga makofi mawili madogo ya viganja vilivyokunjwa, yale ya kuwaamkia wakubwa. Maana aliokwenda kuwataja ni wafu, na mfu haitwi bila kusalimiwa. Kisha akasema. Namakau alimrekodi kwa simu, na kwa kuwa simu ilikuwa imejaa pomoni, kila rekodi aliihamishia kwenye kompyuta na kuifuta kwenye simu. Asubuhi yake aliiandika humo humo kwenye kompyuta, neno kwa neno. Mama alisimulia mafuriko yaliyobeba nyumba na ng'ombe. Alisimulia jinsi marehemu baba yao alivyomposa akiwa amevaa viatu vya kuazima, vyote vya mguu wa kushoto. Akawataja wale watoto watano mmoja mmoja, kila mmoja alipenda kula nini na aliogopa nini. Habari hizo hakuwahi kumwambia mtu. Namakau alikuwa akiandika huku machozi yanadondokea vidole.

"Wewe fundi," alimpigia simu mdogo wake, "hapa nikimaliza nafanyaje? Nizime?"

"Usizime! Funga kifuniko tu, kalale. Ukikazima kataanza kukuuliza maswali yatakayokutia homa."

"Na nikihifadhi?"

"Si unaliona jina la faili? Basi limehifadhiwa. Mengine nitakuja kuyaweka sawa Jumamosi."

Hayo mengine ndiyo yalikuwa kila kitu. Ilibaki alama moja ndogo pembeni mwa skrini, ya kubonyeza ili vilivyo kwenye kumbukumbu ya muda vishuke kwenye flashi. Kwake Situmbeko jambo hilo lilikuwa la kawaida mno hata halikumjia mdomoni. Jumamosi alikuja mteja mwenye kompyuta ishirini za shule, tena zote matofali. Situmbeko akahubiri mchana kutwa, kwa mama hakufika.

Siku ya kumi na mbili walimpeleka mama hospitali. Kabla hajaingizwa ndani aliwashika mikono. "Wajukuu watanisikia?" akauliza. "Watakusikia mpaka wakuchoke," akajibu Situmbeko, wakacheka wote watatu. Swali hilo ndilo lililokuwa neno la mwisho mama kulitamka duniani.

Siku nne hakuna aliyelala nyumbani; walikesha hospitali. Kompyuta ilibaki juu ya kabati, kifuniko kimefungwa, na umeme mwaka ule ulikuwa wa mgao, ukiwaka saa tatu tu kwa siku. Hata hizo tatu, nani angechomeka chaja?

Siku ya tano Namakau akapiga simu sokoni. "Situ, kompyuta yako ilikuwa imezimika. Nimeiwasha, imewaka vizuri tu, mashine nzuri hii. Ila kitabu cha mama sikioni."

Situmbeko akainuka kitini. "Ile alama ya pembeni ulikuwa unaibonyeza?"

"Alama gani?"

Akaacha kibanda wazi, akakimbia. Alipofika aliikuta skrini inang'aa, safi, haina doa. Vitabu mia nne vya watu wengine vilikuwepo vyote, maana hivyo aliviweka mwenyewe kwenye flashi. Cha mama hakikuwepo.

"Kiko wapi?" akauliza Namakau.

"Hakipo, dada. Kilikuwa hewani tu. Betri ilipokufa kikafa."

"Na sauti yake?"

"Na sauti."

"Ulisema nikiona jina la faili, basi limehifadhiwa!"

"Nilisema."

"Ulisema usizime! Mimi sikuzima, Situmbeko! Nilifanya kila ulichosema!"

Alimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, naye akasimama kama mti, hakujikinga. Kisha akaichukua simu ya dada yake, akahangaika nayo siku mbili kwa kila programu aliyoijua. Alifukua picha za harusi na mahubiri ya mchungaji. Sauti ya mama, hata kikohozi, ng'o! Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja kabla babu hajazeeka.

Mama alirudi nyumbani baada ya wiki mbili. Shingoni alikuwa na tundu lililofunikwa kitambaa cheupe. Alikaa kwenye mkeka, akawatazama wanawe, kisha akakiweka kiganja nyuma ya sikio na kuinyooshea kidole kompyuta. Alitaka kujisikia.

Namakau akatoka nje, hakuweza. Situmbeko akapiga magoti.

"Mama, imepotea. Yote. Si dada, ni mimi. Nilijua namna ya kuitunza, nikaona kesho ipo. Nisamehe."

 Bo Mwangala akatikisa kichwa polepole, si kwa hasira, bali kama mama anayemwona mtoto wake hajui kufunga kamba za viatu. Akaisogeza kompyuta mbele yake, akakifungua kifuniko mwenyewe, akaugonga ubao wa herufi kwa kidole: andika.

"Mama..."

Akagonga tena, kwa ukali.

Situmbeko akafungua ukurasa mpya. Safari hii, kabla ya lolote, aliibonyeza ile alama ya pembeni. Mama akaweka chitenge sawa magotini. Akapiga makofi mawili madogo, nayo yalisikika vizuri sana mle chumbani. Kisha akaanza kusimulia. Midomo ilikwenda, mikono ilionyesha maji yanavyopanda, macho yakacheka mahali fulani, pengine palipo na vile viatu vya kushoto. Pumzi ilitoka tunduni, haina neno.

Situmbeko alikaa na vidole juu ya herufi mpaka mama alipomaliza. Akabonyeza tena kuhifadhi ukurasa mtupu, kwa kuwa mama alikuwa akimtazama.